Mashine Moja Yakubali, Nyingine Yakataa

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mlio na karatasi hii ya somo, fuateni kwa kidole huku mkisikiliza. Neno likiwapita, msihangaike. Mtalikuta hapa hapa kwenye karatasi baada ya redio kunyamaza.

Somo letu la leo ni juu ya kompyuta. Nataka tujifunze jambo moja tu: kwa nini kazi iliyokubali kwenye kompyuta moja yaweza kukataa kwenye nyingine, na mtu afanye nini ikikataa. Nitaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana mwalimu naye hukosea.

Kwanza, tuone jinsi programu inavyotengenezwa. Mtunzi huandika maagizo katika mafaili, kama vile ninyi mwandikavyo katika daftari. Maandishi hayo mtu aliyejifunza aweza kuyasoma, lakini mashine haiyafahamu mpaka yageuzwe kuwa lugha yake. Programu kubwa yaweza kuwa na mafaili mamia. Ukirekebisha moja, lazima uligeuze upya, kisha uliunganishe na mengine. Ukisahau, mashine itaendelea kutumia lile la zamani, nawe utadhani rekebisho lako halikufaa.

Mambo hayo yalimpata mtaalamu mmoja wa Marekani, Steve Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell Labs. Alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa amekwisha kulisahihisha. Kumbe faili lile halikugeuzwa upya. Akaenda kwa hasira kwa mwenzake Stuart Feldman, ambaye naye usiku uliotangulia alikuwa amepatwa na shida ile ile. Basi mwaka 1976 Feldman akatunga chombo kiitwacho Make ili kuondoa taabu hiyo. Mwaka 2003 chama cha wataalamu wa kompyuta cha ACM kilimpa tuzo kwa kazi hiyo. Make yatumika hata leo.

Make ni kama mnyapara wa ujenzi. Mnyapara hajengi kwa mikono yake. Yeye hushika orodha na kusema, paa lahitaji kuta, na kuta zahitaji msingi. Ukibomoa ukuta na kuujenga tena, atasema paa liezekwe upya, lakini msingi hataugusa. Ajuaje? Hutazama saa. Kila faili lina saa na tarehe lilipoandikwa mara ya mwisho. Maandishi yakiwa mapya kuliko kitu kilichotengenezwa kutoka kwayo, Make huamuru kazi ifanywe tena.

Orodha ya mnyapara huyu ni faili liitwalo Makefile. Tazameni mfano huu mfupi:

mazoezi: herufi.c maneno.c
	gcc -o mazoezi herufi.c maneno.c

Mstari wa kwanza wasema, kitu kiitwacho mazoezi chahitaji mafaili mawili, herufi.c na maneno.c. Mstari wa pili ni amri ya kukitengeneza.

Sasa, kila kompyuta ina mfumo wa uendeshaji. Huo ndio mwenye nyumba, ndio unaopokea amri zote. Iko Windows, iko macOS ya kompyuta za Apple, na iko Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, nayo hupatikana bure. Kila nyumba ina desturi zake. Mgeni akiingia na desturi za kwao bila kuuliza, ataudhi wenyeji.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Niliandika programu ndogo ya mazoezi ya kusoma kwenye kompyuta ya ofisini, yenye Windows. Ilikubali vizuri. Nikaipeleka katika kituo kimoja cha wilayani chenye kompyuta za zamani zitumiazo Linux. Baada ya siku mbili kijana aliyesimamia kituo akanipigia simu.

“Shikamoo, Mwalimu. Mashine yasema faili la maneno halipo.”

“Marahaba. Faili nimelitia mwenyewe. Litafute.”

Akapiga tena, akasema vile vile, nami nikajibu vile vile. Wakati huo wanafunzi, wengi wao akina mama, walikuwa wakitoka mashambani siku mbili kila juma na kukuta kioo cheusi. Baadhi wakaacha kuja. Mimi nikakasirika. Niliandika barua kwa mkuu wa kijana yule nikasema ni mzembe, hafai, abadilishwe.

Mwishowe nikapanda basi kwenda kuona kwa macho yangu. Nilimkuta kijana amekwisha kuambiwa akabidhi funguo mwisho wa mwezi. Hakunilaumu. Alinivutia kiti tu, akaandika neno make, mashine ikajibu kwa Kiingereza “No rule to make target 'maneno.c'”, yaani sijui njia ya kulipata faili liitwalo maneno.c. Tukafungua folda. Faili lilikuwamo, lakini jina lake lilikuwa Maneno.c, kwa M kubwa.

Mnaona? Kwa kawaida Windows haitofautishi M kubwa na m ndogo katika majina ya mafaili. Kompyuta za Apple nazo kwa kawaida ni hivyo. Kwa Linux hayo ni majina mawili, ya mafaili mawili mbalimbali. Kijana alisema kweli, na mashine ilisema kweli. Mimi pia nilisema kweli, lakini sikusikiliza. Tulibadili herufi moja tu.

Baada ya hapo mashine ikalalamika kwa jambo jingine. Katika orodha yangu niliandika amri ya del ya kufuta mafaili yasiyotakiwa. Hiyo ni amri ya Windows. Linux hufuta kwa rm. Tukaibadili, kazi ikakubali. Siku ile ile niliandika barua ya pili kuifuta ile ya kwanza, nikaisoma mbele ya darasa lote. Kijana alibaki na funguo zake. Lakini wale wanafunzi walioacha kuja hawakurudi wote, na jambo hilo nalijutia mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimeandika katika daftari langu desturi ambazo huleta ugomvi. Nanyi ziandikeni.

La kwanza ni herufi kubwa na ndogo, ambalo tumekwisha kuliona. Andika majina yote ya mafaili kwa herufi ndogo, nawe utakuwa salama katika kila nyumba.

La pili ni kitufe cha Tab. Katika Makefile, mstari wa amri huanza kwa kitufe hicho, wala si kwa nafasi za kawaida. Kwa macho vyafanana kabisa. Mtu akinakili orodha kutoka katika ujumbe wa simu, Tab yaweza kugeuka nafasi, na Make itasema “missing separator”, yaani kitenganishi hakipo. Feldman mwenyewe alipotambua usumbufu huu alikuwa na watumiaji kama 12 tu, lakini hakutaka kuwavurugia kazi, akauacha. Watu hao 12 wamekuwa mamilioni, na usumbufu ungalipo.

La tatu ni mwisho wa mstari. Waliopata kutumia taipureta wakumbuke: ukimaliza mstari, warudisha kigari mwanzo, tena wasogeza karatasi juu. Ni matendo mawili. Windows imeyahifadhi yote mawili kwa alama mbili zisizoonekana. Linux hutumia alama moja tu. Kwa hiyo faili lililotoka Windows laweza kufika Linux na alama ya ziada mwisho wa kila mstari, na mashine ikadhani alama hiyo ni sehemu ya jina au ya amri. Hapo utaambiwa kitu hakipo nawe wakiona. Iko programu ndogo ya kuziondoa, iitwayo dos2unix.

La nne ni nafasi katikati ya jina. Make husoma nafasi kama mwisho wa neno. Folda ikiitwa Kazi Zangu, itadhani ni vitu viwili. Andika kazi_zangu.

La tano ni saa. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Mafaili mapya yaonekana kama yametoka siku zijazo, na mnyapara wetu achanganyikiwa asijue lipi jipya, lipi la zamani. Make huonya kwa maneno “Clock skew detected”, yaani saa hazipatani. Rekebisha saa kwanza, ndipo uendelee.

Je, kazi ikikataa, tufanyeje? Soma lalamiko la kwanza, si la mwisho, kwa kuwa mara nyingi mengine huzaliwa nalo. Lisome neno kwa neno, herufi kwa herufi. Kisha uliza, nyumba hii yatofautiana nini na ile kazi ilikokubali? Ukitaka kuona amri ambazo Make ingetoa bila kuzitekeleza, andika make -n. Badili jambo moja tu, ujaribu tena. Ukibadili matano kwa pamoja, hutajua lipi lililoponya. Mwisho, andika ulilolifanya ili mwenzako asipotee njia ile ile.

Wanafunzi wapenzi, mimi nina diploma ya chuo kikuu, na herufi moja ilinishinda kwa sababu sikuisoma. Ninyi mnaojifunza leo kutenganisha M na m msione kazi hiyo ni ndogo. Tena mtu akikuambia kitu hakipo, usimwite mwongo kabla hujakwenda kukaa karibu naye na kutazama anachokiona.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Mnyapara wetu, Make, ajuaje kuwa kazi fulani yapasa kufanywa tena?
2. Kwa nini programu ilikubali ofisini na kukataa kituoni?
3. Tusomeje malalamiko ya mashine yakiwa mengi?
4. Andika jina la faili moja litakalokubalika katika kila mfumo. Mpe jirani yako alikague.

Mwalimu wa darasa atasahihisha majibu yenu. Mpaka somo lijalo, kwaherini.