Mchumba wa Mtandaoni na Kazi ya Mshenga



Hapa kwetu, toka Mikindani hadi Msimbati, binti akijulikana kuwa amepata mchumba kwenye intaneti, wapo wanaomwita mhuni. Kwa kuogopa aibu, hunyamaza. Tapeli naye huutaka ukimya huo huo, kwani mzazi asiyejua hawezi kuuliza mtu huyo anaishi wapi, wala kama ana mke.

Tufahamu kuwa simu haiozeshi. Ni mjumbe tu. Barua ya posa nayo ni karatasi tu, hata ikivuka Ruvuma: nyuma yake huja mshenga, akaulizwa ukoo, kazi na tabia. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari aletayo fasiki, na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Mughira bin Shu'ba akamtazame mchumba wake kabla ya nikahi.

Basi wazazi, binti akiwatajia jina, msimfokee. Mtumeni mtu mwaminifu msikitini kwa kijana yule, amuulize imamu na majirani. Akiwa mkweli, atakuja kuposa mbele ya walii. Akikimbia, mtakuwa mmemwokoa mtoto wenu.

Wabillahi tawfiq.