Sikukuu kwa Nyanya: Tupange Pamoja Kabla ya Safari



Desemba ikikaribia, familia nyingi za Nairobi hufunga mizigo na kupanda basi kuelekea Kisumu, Siaya, Busia au Kakamega. Watoto wamemngoja nyanya mwaka mzima. Kuna kuku wa kienyeji, kuna chapati, kuna binamu. Usiku mikeka na magodoro hutandikwa sebuleni, watoto wote wakalala pamoja wakicheka hadi usingizi uwashike. Hiyo ndiyo raha ya Krismasi.

Lakini tujiulize: chandarua kiko wapi? Mara nyingi kiko chumbani, juu ya kitanda cha watu wazima. Watoto wako sakafuni, wazi kwa mbu.

Nairobi malaria ni kidogo. Karibu na Ziwa Victoria, malaria iko mwaka mzima. Watoto wadogo wote wamo hatarini, lakini mtoto aliyekulia Nairobi mwili wake haujazoea kupigana na ugonjwa huu. Akiugua, anaweza kuzidiwa haraka. Mama mjamzito pia ni hivyo hivyo.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Hatusemi msiende kwa nyanya, wala watoto watenganishwe. Tunasema, kabla ya safari, kaeni chini kama familia: baba, mama na watoto wakubwa. Mpigieni nyanya simu naye atoe maoni, maana nyumba ni yake. Mwambie kwa heshima, "Mama, watoto walale pamoja kama kawaida, lakini mwaka huu tungependa wawe ndani ya chandarua. Unaonaje, tufunge kamba wapi?" Ukimwuliza hivyo, hataona kwamba nyumba yake imedharauliwa. Huenda yeye ndiye atakayewaita watoto waingie ndani mapema.

Mkono mtupu haulambwi. Pamoja na sukari na mkate, bebeni vyandarua vikubwa vilivyotiwa dawa, kamba na misumari. Funga kila pembe, kishushe mpaka chini, kisha pindia ncha zake chini ya godoro. Kikague kama kina matundu. Watoto wasilale wakikigusa, kwa sababu mbu huweza kuwauma kupitia chandarua.

Sasa mmerudi nyumbani, shule zimefunguliwa. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mtoto akipata joto mwilini, akitapika au akikataa chakula, usiseme ni uchovu wa safari. Usimpe dawa ya kushusha homa ukangoja kesho. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu, na umwambie mhudumu, "Tulikuwa safarini, huko kuna malaria." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Akishikwa na degedege, akilegea au akipumua kwa shida, kimbia hospitali mara moja.

Kumbuka mama:
- Pangeni safari pamoja, nyanya akiwemo.
- Kila mtoto alale ndani ya chandarua, hata sakafuni.
- Homa baada ya safari ipimwe siku hiyo hiyo.

Nakutakia sikukuu njema. Kwaheri.