Bahari Yaila Barafu kwa Chini



Habari za kuyeyuka kwa barafu katika Ncha ya Kusini ya dunia zinapotangazwa, msikilizaji aliyeko Gitega, Ngozi au Rumonge ana haki ya kuuliza: Je, hayo yanatuhusu nini sisi? Nchi yetu haina pwani. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa Bujumbura, na barafu tunayoijua ni ile ya kupozea vinywaji. Swali hilo ni la haki, na katika mazungumzo yetu ya leo tutajaribu kulijibu.

Kwanza hatuna budi kuliondoa kosa moja lililoenea. Watu wengi hudhani ya kuwa barafu ya Antaktika huyeyushwa na jua linaloipiga kwa juu. Jua lina sehemu yake, lakini pale ambapo hatari ni kubwa zaidi, barafu huliwa kwa chini, na mlaji wake ni maji ya bahari.

Bara la Antaktika limefunikwa na barafu nyingi mno, kiasi kwamba kama yote ingeyeyuka, bahari za dunia zingepanda kwa meta zipatazo 58. Barafu hiyo haikutulia. Husukumwa na uzito wake, ikateremka polepole kama uji mzito kuelekea baharini. Ifikapo pwani haikatiki mara moja, bali huendelea mbele ikielea juu ya maji, mithili ya dari pana yenye unene wa mamia ya meta, na upande mmoja ikiwa imeshikamana na barafu ya nchi kavu. Dari ya Ross, ambayo baharia Mwingereza James Clark Ross aliiona mwaka 1841, inakaribia ukubwa wa nchi ya Ufaransa. Chini ya dari hizo mna bahari yenye giza la daima, na humo ndimo shauri hili linamoamuliwa.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika twaweza kulielewa jambo hili upesi. Maji ya ziwa letu yana matabaka. Ya juu ni ya uvuguvugu na ni mepesi; ya chini ni ya baridi na ni mazito, na katika vilindi vinavyofikia meta 1,470 hamna hewa ya kuwafaa ndagala wala mukeke. Bahari ya Antaktika nayo ina matabaka, ila yamepinduliwa. Huko maji ya juu ndiyo ya baridi, na yenye joto yako chini. Sababu yake ni chumvi. Maji ya juu yamechanganyika na maji matamu ya barafu, kwa hiyo ni mepesi ijapokuwa ni ya baridi. Maji ya chini, yaliyotoka mbali katika bahari kuu, yana chumvi zaidi, na uzito wa chumvi huyazamisha pamoja na joto lake.

Joto lenyewe ni nyuzi 1 hivi juu ya sifuri. Kwetu sisi hiyo ni baridi ya kufisha ganzi. Lakini maji ya bahari huganda yakikaribia nyuzi 2 chini ya sifuri, na kadiri kina kinavyozidi, ndivyo uzito wa maji unavyokishusha zaidi kiwango hicho cha kuganda. Hivyo basi, kwa barafu iliyo vilindini, maji ya nyuzi 1 ni kama maji ya moto.

Mahali pengine pana mlinzi mlangoni. Katika Bahari ya Ross na Bahari ya Weddell, maji ya juu yanapoganda wakati wa baridi kali, chumvi hubaki nyuma. Maji yaliyobaki huwa ya baridi na mazito, yakazama, yakaijaza bahari ile ya kando ya bara na kuyazuia maji ya joto yasiingie kwa wingi. Sehemu ya maji hayo mazito huteremka hata chini kabisa ya bahari kuu, kisha husafiri kwenda kaskazini, yakichukua hewa safi hadi vilindi vya mbali, vikiwamo vya Bahari ya Hindi.

Katika Bahari ya Amundsen, upande wa magharibi wa bara hilo, mlinzi huyo hayupo. Huko upepo huyasaidia maji ya joto kupanda juu ya ukingo wa bara, kisha hufuata mabonde yaliyochimbwa zamani na barafu yenyewe, mpaka yakafika mahali ambapo barafu huacha kukanyaga ardhi na kuanza kuelea. Hapo huyeyusha. Maji matamu yanayopatikana, kwa kuwa ni mepesi, hupanda yakifuata mteremko wa dari na kutoka nje, na yakitoka huvuta maji mengine ya joto yaingie nyuma yao. Mzunguko huo hauna kelele wala moshi. Wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hapo ndipo ulipo mto wa barafu uitwao Thwaites. Mdomo wake una upana wa kilomita 120, na eneo lake lote ni karibu mara saba ya Burundi. Ardhi iliyo chini yake iko chini ya usawa wa bahari, tena huzidi kuinama kadiri unavyoingia ndani ya bara. Maana yake ni kwamba barafu ikirudi nyuma, maji huifuata penye kina kikubwa zaidi na barafu nene zaidi. Thwaites peke yake ukiisha, bahari zitapanda kwa sentimeta 65 hivi.

Mwezi wa Januari mwaka 2020, wataalamu wa Marekani na Uingereza walitoboa barafu hiyo kwa maji ya moto, shimo la karibu meta 600, wakateremsha chombo kiitwacho Icefin. Waligundua kwamba penye dari tambarare barafu huyeyuka polepole kuliko ilivyohofiwa, kwa sababu maji matamu huifunika kama blanketi. Lakini penye nyufa na ngazi, barafu inaliwa upesi. Mwaka 2022 chombo cha Waswidi, Ran, kilitembea zaidi ya kilomita 1,000 chini ya dari ya Dotson iliyo jirani. Kiliporudishwa huko mwaka 2024 kilipotea chini ya barafu, wala hakikuonekana tena. Ndivyo ilivyo kazi ya kutafuta ukweli mahali pale.

Msikilizaji mwangalifu atasema: barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi maji, kama vile kipande cha barafu hakifuriki bilauri. Ni kweli. Lakini dari hiyo ni kizuizi kinachozuia barafu ya nchi kavu isiteremke. Mwaka 2002 dari ya Larsen B, yenye kilomita za mraba 3,250, ilivunjika kwa muda wa wiki chache. Hiyo iliharibiwa zaidi na joto la juu, lakini funzo ni lile lile: mara tu ilipoondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza mwendo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mafuta ya magari yetu, mbolea ya mashamba yetu na sehemu kubwa ya bidhaa zetu hupitia bandari ya Dar es Salaam. Hivyo nchi yetu haina pwani, lakini ina bandari inayoitegemea. Tangu mwaka 1901 hadi 2018 bahari za dunia zilipanda kwa sentimeta 20. Isitoshe, barafu kubwa ya kusini huyavuta maji kuielekea kwa uzito wake. Ikipungua, maji huiacha na kujaa mbali nayo, yakiwamo maeneo ya Bahari ya Hindi. Thwaites hautakwisha kesho. Ni jambo la karne na karne. Lakini gati hujengwa litumike miaka 50 na zaidi, na anayelijenga leo hana budi kuuliza maji yatafika wapi.

Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mwaka 1959 na nchi 12. Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala, ilikuwamo. Afrika iliwakilishwa na Afrika ya Kusini ya ubaguzi peke yake. Mkataba huo ulifanya jema kwa kukataza vita huko, na itifaki ya mwaka 1991 ikakataza uchimbaji wa madini. Lakini moshi wa viwanda hausimami mpakani kuonyesha hati. Afrika nzima hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Waliotoa iliyo nyingi ndio wanaopaswa kuipunguza kwanza, na mfuko wa fidia uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 usiachwe uwe sanduku tupu.

Nasi tunao wajibu wetu. Nchi za Afrika Mashariki zikae pamoja, zenye pwani na zisizo na pwani, zipange juu ya bandari, reli na barabara kwa kuzingatia bahari itakavyokuwa wakati wa wajukuu wetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu, ndugu wasikilizaji, uko chini ya barafu, gizani, ambako maji yanaendelea na kazi yake usiku na mchana.