Kuendesha na Kukuza Ofisi Ndogo ya Uwakili Kigali

Ofisi ya wakili mmoja au wawili, pamoja na karani wao, ni sura ya kawaida ya taaluma ya uwakili Kigali. Chama cha Mawakili cha Rwanda kiliundwa kwa sheria ya Machi 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakati nchi ilikuwa imebaki na wanasheria wachache mno. Kilianza na wanachama 37. Leo wanachama wamepita elfu moja kwa mbali, na chuo cha ILPD kilichoko Nyanza kinaendelea kutoa wahitimu wa stashahada ya utendaji wa sheria. Zamani mteja alimtafuta wakili asimpate. Sasa mawakili wengi wanagombea kesi zilezile. Hata hivyo, kinachoziangusha ofisi nyingi changa ni fedha iliyokwisha kufanyiwa kazi lakini haijaingia, na tarehe iliyopita bila mtu kuikumbuka. Mambo hayo mawili yanastahili kushughulikiwa kabla ya kufikiria kutanuka.

Kazi ya kuchagua

Migogoro midogo ya ardhi na ya madai huanzia kwa Abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa na wananchi, na huko wakili hasimami kumwakilisha mtu. Asiye na uwezo hupata msaada wa bure katika ofisi za MAJ, zilizomo katika wilaya zote 30. Kwa raia hiyo ni heri kubwa. Kwa wakili anayeanza, ni dalili kwamba madai madogo hayatalipa pango la ofisi.

Uwanja mpana uko kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati. RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, husajili kampuni kwa mtandao ndani ya saa chache, na mwenye kampuni anaweza kupata cheti chake bila kuonana na mwanasheria yeyote. Shida huja baadaye: wanahisa wawili hawakuandikiana chochote, mfanyakazi ameachishwa bila barua, mwenye nyumba amebadili masharti ya pango, au RRA, mamlaka ya mapato, imeleta makadirio ya kodi yasiyotarajiwa. Mahakama za Biashara zinafanya kazi tangu 2008, na kituo cha usuluhishi cha KIAC tangu 2012, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika mezani, kabla ya kufika huko. Wakili anayeshika eneo moja au mawili, tuseme ajira na kodi, akayajua kwa undani, huanza kutumiwa wateja na mawakili wenzake. Anayejitangaza kwa kila kitu hakumbukwi kwa lolote.

Ada na fedha

Makubaliano ya ada yaandikwe na kutiwa saini kabla ya kazi kuanza, hata mteja akiwa jamaa au jirani. Hasa akiwa jamaa. Yataje kazi inayofanyika, kazi isiyomo, na kinacholipwa katika kila hatua. Kesi ya mahakama ya kwanza ni kazi moja, rufaa ni nyingine, na utekelezaji wa hukumu ni ya tatu; mteja asiyeambiwa hivyo huamini amelipia safari yote mpaka mwisho.

Suala la VAT, kodi ya ongezeko la thamani, linahitaji kuangaliwa kwa makini. Tuseme mkataba umeandika ada ya faranga 1,000,000 bila neno zaidi, na ofisi imekwisha kusajiliwa kwa VAT. Mteja atasema kwamba milioni ndiyo bei yote, na itakuwa vigumu kumpinga. Hapo kodi ya asilimia 18 hutoka ndani ya milioni: faranga 152,542 zinakwenda RRA, na wakili anabaki na 847,458. Maneno matatu, “kabla ya VAT”, yangetosha mteja alipe 1,180,000 na milioni ibaki nzima. Usajili ni wa lazima mauzo yakizidi faranga milioni 20 kwa mwaka au milioni tano kwa robo mwaka, na ofisi inayokua huvuka mpaka huo kwa kesi moja nzuri tu.

Kuna mtego wa pili. Ankara ya EBM, mfumo wa RRA wa ankara za kielektroniki, ikishatolewa, kodi yake inaanza kudaiwa, hata kama mteja hajalipa senti. Wakili anayetoa ankara ya kesi nzima siku ya kwanza huikopesha serikali fedha asiyo nayo. Afadhali kugawa ada kwa hatua, kwa mfano kufunguliwa kwa jalada, kuwasilishwa kwa hoja, kusikilizwa na hukumu, kisha kila hatua itanguliwe na profoma na kufuatwa na ankara ya EBM malipo yanapoingia. Hatua ya kwanza ndiyo iwe nzito, kwa sababu ndiyo inayobeba utafiti na maandishi.

Mteja aelezwe pia mapema habari ya gharama za kesi. Mahakama ikimwamuru aliyeshindwa alipe ada ya wakili wa upande wa pili, hupanga kiasi kwa busara yake, na katika hukumu nyingi kinachotajwa ni faranga 500,000. Aliyemlipa wakili wake milioni mbili akitarajia kurudishiwa zote ataona ameibiwa, na malalamiko ya namna hiyo huvunja jina la ofisi kuliko kesi iliyoshindwa.

Fedha ya mteja isikae pamoja na ya ofisi. Bei ya kiwanja, fidia iliyopokewa kwa niaba yake na amana yoyote ziwekwe katika akaunti ya pekee, yenye daftari linaloonyesha jina la kila mwenye haki. Malipo ya MoMo nayo yapokelewe kwa namba ya ofisi, kwani yakiingia kwenye simu binafsi ya wakili huchanganyika na karo ya watoto na fedha ya soko, na baada ya mwezi hakuna anayeweza kuyatenganisha. Wakili anayeshughulikia ununuzi wa ardhi, uundaji wa kampuni au fedha za wateja pia anabanwa na sheria ya kuzuia utakatishaji fedha: lazima amtambue mteja wake na mwenye mali halisi, na atoe taarifa penye shaka.

Jalada na tarehe

Tangu 2016 kesi hufunguliwa na kufuatwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa mahakama, IECMS. Umeondoa foleni za masjala, lakini umeleta udhaifu wake: taarifa hufika kwa anwani iliyosajiliwa. Ikiwa nywila iko kwa karani peke yake na karani yuko likizo, ofisi nzima imefumbwa macho. Wakili afungue mfumo mwenyewe kila asubuhi, na awepo mtu wa pili mwenye idhini yake halali ya kuingia.

Muda wa rufaa katika kesi za madai ni siku 30. Rufaa dhidi ya uamuzi wa kumweka mtuhumiwa kizuizini kwa muda ina siku tano tu. Siku tano zenye Jumamosi na Jumapili ndani yake hupita haraka sana, na gharama ya kuchelewa hubebwa na mtu aliye rumande. Kwa hiyo kila tarehe iandikwe sehemu mbili, katika kalenda ya pamoja na juu ya jalada lenyewe, pamoja na tarehe ya tahadhari inayotangulia. Ndani ya jalada uwekwe ukurasa mmoja wa muhtasari: nani ni nani, kimefanyika nini, kinachofuata ni nini. Mtihani wake ni mwepesi: wakili mwingine asiyeijua kesi alifungue, na aweze kusimama mahakamani kesho yake kuomba ahirisho kwa sababu za maana.

Sheria ya 2021 ya ulinzi wa taarifa binafsi inazihusu ofisi hizi pia. Vitambulisho na vyeti vya wateja havifai kuzunguka kwenye vikundi vya WhatsApp.

Kupata wateja na kutanuka

Matangazo ya uwakili yana mipaka, na kupiga debe milangoni pa mahakama ni aibu kwa taaluma. Njia isiyo na utata ni kufundisha: mazungumzo ya saa moja na chama cha akiba au ushirika wa wafanyabiashara kuhusu mikataba ya ajira huleta simu zaidi kuliko bango. Nyingine ni mkataba wa huduma za kila mwezi kwa kampuni tano au sita ndogo, kwa ada ya wastani inayolipa mshahara wa karani na pango hata mwezi usio na kesi. Zabuni za taasisi za umma hutangazwa kwenye mfumo wa Umucyo. Zinahitaji karatasi za kodi zisizo na dosari, na wakili azichukue akijua malipo yanaweza kukawia.

Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ni mtaji ambao mawakili wengi hawajautumia. Sehemu kubwa ya shehena ya nchi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na wafanyabiashara wa Goma na Bukavu wanafanya biashara Kigali. Wakili anayeweza kusoma mkataba wa usafirishaji wa Kiswahili, na aliye na mwenzake wa kuaminika Dar es Salaam, ana wateja ambao ofisi kubwa hazijawagusa.

Mwanagenzi aajiriwe pale kazi inapokuwepo, apewe majalada halisi chini ya usimamizi, na alipwe. Ubia nao usianze kwa kupeana mikono tu. Mkataba wa wabia useme nani ameleta mteja gani, mapato yanagawanywaje, deni la kodi ni la nani, na nani anabaki na majalada wakiachana. Wakili aliye peke yake naye amteue kwa maandishi mwenzake wa kushika kesi zake akiugua au akifariki; mwenzake huyo ajue zilipo funguo, nywila na kalenda, na wateja waarifiwe jina lake katika makubaliano ya ada.