Dawa Inayomfikia Mgonjwa



Wahitimu wa famasia na sayansi ya maabara, wapo kati yenu watakaokwenda kutafuta dawa za kuzima sumu. Hao nataka kusema nao kuhusu sayanaidi. Sumu hii haiondoi oksijeni kwenye damu. Oksijeni ipo tele, ila kimeng'enya kinachoitumia ndani ya seli kimebanwa, na moyo na ubongo huweza kuzimika ndani ya dakika chache.

Mwaka 1933, mtafiti K. K. Chen na wenzake huko Indianapolis, Marekani, walionyesha kwa mbwa kwamba nitriti ikifuatiwa na thaiosalfeti huokoa. Tiba hiyo ikatawala kwa miongo mingi. Lakini nitriti hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni, na hiyo ni hatari kwa aliyetolewa kwenye nyumba inayoungua, mapafu yamejaa moshi wenye sayanaidi. Haidroksokobalamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, haina kasoro hiyo: kobalti yake huinasa sayanaidi, ikageuka vitamini B12, ikatoka kwa mkojo. Siku hizi wapo watafiti wanaoanza na vifaranga vya samaki wadogo wenye milia. Huviweka kwenye vishimo vya sahani, huvitilia sumu na kupima kemikali moja baada ya nyingine waone ipi itaviacha hai. Kazi hii naiheshimu mno.

Hata hivyo, gramu 5 za haidroksokobalamini hupitishwa mshipani kwa dakika 15. Mfikirieni kijana anayechenjua marudio ya dhahabu kwa sayanaidi huko Chunya au Geita, ameanguka kando ya tangi. Nani atamtafutia mshipa pale? Ndiyo maana kobinamidi, ndugu yake B12, inanipa matumaini: majaribio ya wanyama yameonyesha inafaa hata ikichomwa msulini. Wala sumu hii haipo machimboni tu. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo wenye sayanaidi, wawili wakafariki.

Kwa hiyo, wanangu, dawa iliyotangulia sumu mwilini mwa mnyama wa majaribio msiiandike kwamba imefaulu. Mgonjwa wetu huja sumu ikiwa imekwisha kuingia. Ijaribuni dawa mnyama akiwa ameshalegea, kwa sindano ya paja, kutoka kwenye chupa iliyokaa kwenye joto la zahanati isiyo na jokofu. Dawa nyingi zitaanguka hapo. Yaandikeni hata majina ya hizo zilizoanguka, myachapishe, ili mwenzenu wa Lubumbashi au Mwanza asipoteze mwaka akizijaribu tena.