Mchungaji Aliyeshikwa Mkono

Neno letu la leo latoka katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 4. Hapo Mtume anawaonya wazee walichunge kundi kwa moyo, si kwa kutafuta faida, wala si kwa kujifanya mabwana juu ya watu wa Mungu.

Sisi tunaohudumu hapa Shika Adabu, upande wa Likoni, twaonywa kila siku na jina la mahali petu. Adabu twawafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Je, sisi viongozi twaishika?

Twakumbuka kanisa la kwanza tulilotumwa baada ya kutoka chuoni. Palikuwa na mzee wa kanisa aliyesoma masomo ya ibada kwa miaka mingi. Macho yake yalififia, akawa akikwama katika kusoma. Sisi, kwa haraka ya ujana, tukalifuta jina lake katika orodha ya zamu, wala hatukumwambia. Jumapili ilipofika alikuja amevaa koti lake, akaketi mbele, akingoja kuitwa. Akaitwa mwingine. Baada ya ibada alitupa mkono, akasema, "Asante kwa neno, mwanangu," akaenda zake. Ndipo mjukuu wake alipotuambia kwamba wiki nzima alikuwa akimsomea babu lile somo, naye akilishika kwa moyo.

Jioni ile tulimkumbuka Johannes Rebmann. Chuoni tulikariri habari zake kwa ajili ya mtihani: alifika Mombasa mwaka 1846, akafanya kazi Rabai pamoja na Krapf, na mwaka 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Lakini kuna jambo tulilolipita bila kulitafakari. Rebmann alidumu miaka 29 bila kurudi Ulaya. Waliobatizwa walikuwa wachache, na mwishowe macho yake yakaingia giza. Alipoondoka mwaka 1875, aliyemwongoza safarini alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa waumini wa kwanza wa Rabai. Mwalimu akashikwa mkono na mtoto wa mwanafunzi wake, hata akafika kwao Ujerumani, alikofariki mwaka 1876.

Ndugu, hapo ndipo tulipohukumiwa moyoni. Kanisa la Rabai halikumficha mtumishi aliyepofuka. Lilimpa mkono. Sisi tulimnyang'anya mzee wetu kitabu, wala hatukumpa mkono.

Jumanne yake tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitusikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, macho yamekwisha, nami nalijua. Ungeniambia tu, ningemleta huyu mjukuu asome yeye." Jumapili iliyofuata msichana yule alisoma, na babu yake akasimama kando yake.

Basi, sisi tulio wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama na wa vijana, tushike mambo matatu. Kwanza, kazi hii ni ya Bwana. Tumekabidhiwa tu, na siku moja tutaikabidhi kwa wengine. Pili, ikiwa hatuna budi kumpumzisha mtu katika kazi, tumwendee sisi wenyewe, tuseme naye uso kwa uso kabla hajasikia kanisani. Tatu, tukubali kuongozwa. Kiongozi asiyekubali kushikwa mkono atajikwaa, na atawaangusha wanaomfuata.

Labda wewe unayesikiliza unamjua mzee aliyeachwa hivyo katika kanisa lako. Usingoje Jumapili. Mwendee leo.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeiosha miguu ya wanafunzi wako, utusamehe kiburi chetu. Utufundishe kutumika kwa adabu, na giza litakapotufikia utupe mkono wa ndugu. Amina.