Somo la Redio: Kiinimacho cha Sarafu Mezani

Wekeni mezani vitu vitano: sarafu moja, kikombe cha bati, maji kidogo, kichupa cha chumvi, na ukurasa mmoja wa gazeti. Vyote huonekana katika hoteli yoyote ya chai. Leo tutajifunza kiinimacho. Msicheke. Somo hili lingenifaa sana zamani, kabla sijaibiwa.

Nilipokuwa kijana, baba alinituma mjini kulipa karo ya mdogo wangu. Nikaingia katika hoteli karibu na stendi ya basi, nikaagiza chai na mandazi. Bwana mmoja aliyevaa vizuri akaketi mbele yangu. Akaweka sarafu mezani, akaifunika kwa kichupa cha chumvi kilichozungushiwa gazeti, akapiga kofi. Paa! Gazeti likalala bapa, na kichupa akakitoa chini ya meza, kana kwamba kimepenya ubao. Nilishikwa na bumbuazi.

Akaniambia, "Kijana, anayepitisha chupa katika ubao hashindwi kuzalisha fedha." Nikampa noti zote za karo. Akazifunga katika gazeti, akanong'ona maneno nisiyoyajua, akanirudishia kifurushi na kuniagiza nisikifungue mpaka jua litue. Jioni nilifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya gazeti vilivyokatwa sawasawa na noti. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Ndugu zangu, wakati ule nilikuwa najua kusoma na kuandika. Lakini sikujua kwamba macho hudanganyika. Basi na tuanze hapo.

Jaribio la kwanza. Tia sarafu ndani ya kikombe. Mwenzako aketi akiitazama, kisha arudi nyuma polepole mpaka ukingo wa kikombe uifiche sarafu. Hapo asimame asitikisike. Sasa wewe mimina maji taratibu, sarafu isisogee. Mwenzako ataiona tena! Je, sarafu imepanda? La, iko pale pale. Nuru inayotoka kwenye sarafu hupinda inapotoka majini na kuingia hewani, kwa sababu mwendo wake majini ni mdogo kuliko hewani. Ikisha kupinda, hupita juu ya ukingo na kulifikia jicho. Hapa hakuna mtu aliyemdanganya mwenzake, na hata hivyo jicho limekosea.

Jaribio la pili ni lile la yule bwana. Keti karibu sana na meza. Weka sarafu mbele yako. Zungushia kichupa gazeti, ulibane vizuri lishike umbo lake, lakini chini uache wazi. Funika sarafu. Waambie watu, "Sarafu hii itapenya meza." Kisha inua kichupa pamoja na gazeti, ukivute mpaka ukingoni mwa meza, na useme, "Aa, bado ipo! Hebu itazameni vizuri." Wote watainama kuitazama sarafu. Wakati huo huo legeza vidole kidogo, kichupa kiteleze kiangukie mapajani mwako. Gazeti limebaki na umbo la kichupa, hata mtu angeapa kwamba kimo ndani. Lirudishe juu ya sarafu, piga kofi, kisha utoe kichupa chini ya meza.

Mmeona siri iko wapi? Haiko katika vidole. Iko katika yale maneno, "itazameni sarafu." Watu hutazama wanapoambiwa watazame, na jambo lenyewe hutendeka kando. Nami nilipokuwa nikitazama midomo ya yule bwana inayonong'ona, kifurushi changu kiliangukia mapajani mwake, na kingine kinachofanana nacho kikapanda mezani.

Kufichua siri hizi si jambo jipya. Mwaka 1584, Mwingereza mmoja aitwaye Reginald Scot alitoa kitabu kilichoeleza michezo ya namna hii, pamoja na ile ya sarafu. Siku zile watu walikuwa wakinyongwa huko kwa kushitakiwa uchawi. Scot alitaka wasomaji wake wajue kwamba ajabu nyingi ni wepesi wa mkono tu.

Tena alikuwako Mmarekani T. Nelson Downs, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa mwaka 1938. Alisifiwa kwa kuchuma sarafu hewani, moja baada ya nyingine, mbele ya watazamaji. Lakini watazamaji wale walilipa kiingilio. Kama fedha zingechumwa hewani kama maembe, angehitaji viingilio vyao vya nini?

Swali hilo ndilo ngao yenu. Mtu akiwaonyesha mchezo ili mcheke, mpigieni makofi. Kazi yake ni halali. Lakini akisema, "Nipe fedha yako niizalishe," muulizeni, "Mbona huanzi na yako?" Akiwaambia msifungue kifurushi, kifungueni pale pale mbele yake. Akiwaharakisha, msiharakishwe.

Leo jioni wafanyieni watoto mchezo wa kichupa. Wakisha kushangaa, waonyesheni siri yake. Mtoto aliyekwisha kuiona siri hiyo mezani kwao hatatoa karo kwa mgeni wa stendi.

Kwaherini, ndugu zangu.

Maneno ya kuandika daftarini: kiinimacho, sarafu, nuru, mapajani, kifurushi.

Maswali:
1. Kwa nini sarafu huonekana tena maji yakitiwa kikombeni?
2. Kichupa huenda wapi watu wanapotazama sarafu?
3. Utamwambia nini mtu anayetaka kuzalisha fedha yako? Jibu kwa sentensi mbili.